Sauti ya Wifi Kwenye Kaseti ya Waingereza Wawili

Kila baada ya miaka michache gazeti fulani huandika kwamba wale Waingereza wawili wamekwisha, na kila mara wao hutoa kanda nyingine. Kaka yangu hufurahi. Mimi huogopa. Si kwamba muziki wao ni mbaya. Ila mashine yao ya ngoma, ile isiyochoka wala kukosea, ikianza kupiga mahali popote nilipo, saluni au harusini, mwili wangu hurudi kwenye baraza la nyumba yetu Katumba Songwe, Jumapili moja mchana, na hungoja sauti ya mwanamke itokee katikati ya ule muziki.

Kaka aliwapata Karonga, Malawi, ng'ambo ya mto Songwe, mwanzoni mwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Alikuwa bado sekondari. Alimsindikiza mjomba wetu kununua sabuni na mafuta ya kupikia ya kuuza Kasumulu, na duka moja la vitambaa lilikuwa linaupiga muziki huo mlangoni. Aliporudi hakusema neno juu ya sabuni.

"Ni watu wawili tu," alituambia. "Wawili! Lakini ukisikia utadhani kiwanda kizima kinafanya kazi."

Safari iliyofuata alirudi na kaseti yao. Kwenye jalada wanaume wawili wamesimama mbalimbali, hawatabasamu, hawatazamani, wala hawatutazami sisi. Walikuwa kama watu waliokutana kwenye foleni ya ofisi, kila mmoja ana shida yake. Mmoja ndiye anayeimba, kwa sauti nyembamba, bila kujitutumua, kama mwalimu anayeita mahudhurio. Wa pili yuko nyuma ya kinanda cha umeme. Kaka aliwahi kuwaona kwenye video Lilongwe, akatueleza kwamba yule wa pili hata kichwa hakitikisi, na vidole havitembei.

"Sasa anafanya nini pale?" nilimuuliza.

"Ndiye anayetengeneza."

"Anatengeneza nini, na vidole umesema havitembei?"

"Kazi ameshaimaliza nyumbani. Pale amekuja kumsindikiza mwenzake."

Nilipofika chuo kikuu Dar es Salaam niligeuza ule utani kuwa hoja. Nilikuwa katika umri wa kubishana na kila kitu, kuanzia mhadhara wa uchumi hadi sala ya chakula. Nilimwambia kaka kwamba muziki ambao unaendelea kupiga wakati mpigaji amekwenda kula hauna mtu ndani yake. Hakukasirika. Alisema hata wateja wake wanasema hivyohivyo. Wakati huo alishafungua kibanda cha kurekodi Bondeni, pale mjini Kyela, na watu walikuja kutaka kwaya, rege na dansi la Kikongo. Hao wawili hakuna aliyewataka. Aliwapiga peke yake asubuhi akifagia.

Naye aliwafuata. Walipokuwa watu wa disko, aliwafuata. Walipopunguza mwendo, wakaleta vinubi na kuimba juu ya marafiki zao waliokuwa wanakufa mmoja baada ya mwingine, aliketi na kamusi ya shule akatafsiri neno kwa neno. Ugonjwa ule haukuwa wa Uingereza peke yake. Miaka hiyo sisi pia tulikuwa hatumalizi matanga mawili bila la tatu kuingia. Wenzao walioanza nao walivunjika, wakagombana, wakawa watu wa kukumbukwa. Hao wakabaki. "Siri yao ni kwamba hawasogeleani," kaka alipenda kusema. "Kila mtu na upande wake."

Ningecheka, lakini nyumba yetu nayo iliishi hivyo.

Kaka alioa ng'ambo, kwa watu ambao kwa lugha na desturi ni sisi wenyewe, mto tu umepita katikati. Wifi alikuwa mwimbaji wa kwaya, mcheshi, mwenye kicheko cha kusikika nyumba ya tatu. Lakini tangu siku alipoingia kwetu, baba alipokuwapo, kicheko hicho kilizimwa. Kwa desturi ya Wanyakyusa mkamwana hamtazami baba mkwe wake, hasemi naye, halitaji jina lake, hapiti njia anayopita. Akisikia kikohozi chake huinama, hujifunika khanga na kutoka kwa mlango wa nyuma. Baba naye ana wajibu. Hukohoa kabla hajakata kona, haingii jikoni, hazungushi macho upande wa jiko. Kwa Kinyakyusa kuogopa na kuheshimu ni neno moja, na nyumbani kwetu sikuwahi kujua ni lipi kati ya hayo mawili lilikuwa linafanyika.

Wakristo wengi walikwisha kulegeza. Baba alikuwa mzee wa kanisa, na nilimtegemea awe wa kwanza.

"Baba, hii desturi iko wapi kwenye Biblia?" nilimuuliza siku moja tukianika kakao.

"Haipo."

"Basi kwa nini tunaifuata?"

"Na viatu kama hivyo vyako navyo havipo kwenye Biblia," alisema, "mbona umevaa?"

Mama alicheka mpaka akaangusha ungo. Lakini jioni alinivuta pembeni. Akaniambia nisirudie, kwa sababu desturi ikivunjwa si mzee anayeumia. Anayeumia ni mkamwana. Miguu huvimba, mwili huwa mzito, na mtoto tumboni hakai. Wifi alishapoteza mimba mbili. Mama hakusema kwamba zilipotea kwa sababu hiyo, ila alizitaja palepale, katika pumzi ileile.

Mwaka chuo kilipofungwa kwa mgomo nilirudi nyumbani, wifi akiwa na mimba ya tatu, tumbo limeshuka. Ilikuwa masika. Mvua ya Kyela mnaijua. Songwe ulikuwa umejaa na kumeza kingo zake, mashamba ya mpunga yamegeuka ziwa, na kaka alikuwa Lilongwe kwa mzigo, mto umemzuia kurudi.

Hapa lazima nieleze namna kaka alivyofanya kazi yake, maana balaa ilitokea huko. Kaseti tupu zilikuwa ghali, na nyingi zilikuwa bandia. Kwa hiyo alinunua kaseti za kwaya zilizochoka, zile ambazo zina vijino viwili vya plastiki mgongoni vilivyovunjwa ili mtu asirekodi juu yake. Kaka alisokota karatasi, akaziba vile vitundu, na redio ikadanganyika kwamba kaseti ni mpya. Akarekodi upande mmoja, mara nyingi ule wa pili, akaacha wa kwanza na kwaya yake. Yeye alizitambua kaseti zake kwa kuangalia zile karatasi. Kwa mtu mwingine zilibaki kaseti za kwaya, zenye picha ya msalaba na zambarau.

Moja kati ya hizo aliirekodia toleo refu la wimbo mmoja wa wale wawili. Walikuwa na kawaida ya kutoa matoleo marefu ambayo mwimbaji haimbi kabisa, ni mashine tupu, ngoma na kinanda, kwa muda mrefu sana. Kaka alilitafuta toleo hilo miaka. Na siku moja, kabla sijarudi, akiwa na wifi tu nyumbani, alilipiga huku amewasha kipaza sauti, akamwambia aimbe juu yake, na vyote vikaingia kwenye kaseti ile.

Sisi wengine hatukujua.

Jumapili ile baada ya ibada baba alikuja na wazee wawili wa kanisa, wakaketi barazani. Mama aliwapelekea chai na ndizi za kuchemsha. Mimi nilikuwa mlangoni, nusu ndani nusu nje, nikisoma. Wifi alikuwa jiko la nje, nyuma ya nyumba. Baba aliniomba nitoe redio ya kaka, akachagua mwenyewe kaseti kwenye boksi. Kwaya ikaimba. Wazee wakatikisa vichwa, wakasifu sauti ya besi. Upande ukaisha, redio ikajizima kwa kishindo, na baba akaigeuza kaseti kwa mikono yake.

Ngoma ikaanza.

"He!" alisema mzee mmoja. "Hawa nao ni kwaya ya wapi?"

"Labda wanajiandaa," alisema mwenzake.

Walisubiri waimbaji. Ngoma ikaendelea, moja kwa moja, kinanda kikiingia na kutoka.

"Nkamu, ndugu yangu, huyu mpiga ngoma hachoki? Mpeni maji!"

Baba alitabasamu kwa aibu ya mwenye nyumba, akanyoosha mkono azime. Hapo sauti ya mwanamke ikaingia. Iliimba Kinyakyusa, wimbo wa kumbembeleza mtoto, polepole, juu ya ngoma ile ya Waingereza, na ilikaa vizuri mno. Mkono wa baba ukabaki hewani. Nadhani hakumtambua mara moja. Alikuwa hajawahi kumsikia akiimba. Kisha wimbo ukakatika, kikaja kicheko, kile cha nyumba ya tatu, na sauti ikasema wazi kabisa:

"Zima bwana, we! Baba yako atasikia."

Na sauti ya kaka, kwa mbali: "Yuko shamba huyo. Imba."

Baba akazima.

Kutoka jiko la nje nilisikia sufuria ikianguka. Nilizunguka nyumba mbio. Wifi alikuwa chini, magoti na viganja kwenye majivu, khanga ameivuta mpaka usoni, na tumbo lake linaning'inia kama mzigo wa mtu mwingine. Alikuwa amejisikia mwenyewe akiongea barazani kwa baba mkwe wake, huku mdomo wake umefumbwa.

"Wifi, inuka. Ni redio tu."

"Amesikia?"

"Ni redio, wifi."

"Nimekuuliza, amesikia?"

Wazee hawakumaliza chai. Mmoja aliaga kwa kumtazama baba miguuni. Baba alichukua jembe, akaenda shambani siku ya Jumapili, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

Nilikuwa na majibu yote. Niliketi na wifi chumbani kwake nikamweleza kwamba sauti ni hewa inayotikisika, kwamba kwenye kaseti hakuna hewa, kuna unga wa chuma uliopangwa na sumaku. Kilichosikika barazani ni spika. Spika si mkamwana wa mtu. Alinisikiliza kwa adabu.

"Mama yangu akifa," aliniuliza, "halafu niisikie sauti yake kwenye kaseti, nisilie? Niseme ni unga wa chuma?"

Nilisema utalia, ila si kwa sababu yuko pale. Akasema, "Haya," kwa namna ya kumwachia mtoto ashinde.

Baada ya hapo miguu yake ikavimba.

Nilijua wajawazito huvimba miguu. Nilimwambia hivyo, nikamwambia mama, nikajiambia mwenyewe. Lakini ilivimba mpaka ndala hazikuingia, kisha uso ukavimba, asubuhi macho yakawa kama mistari. Alilalamika kichwa. Alisema anaona cheche. Mama alikuwa anamtazama miguu, halafu ananitazama mimi. Wakati wa kufua nilijikuta nimesimama na nguo iliyolowa mkononi, nikiwaza: waliotabiri ni wao au mimi? Nilikuwa na kitu gani cha kuweka mbele ya miguu ile?

Nesi wa zahanati alimpima presha, akaacha utani wake wa siku zote. Alisema aende hospitali ya mjini bila kuchelewa, huu uvimbe na hicho kichwa si vya kulala navyo nyumbani. Tulirudi kufunga mzigo. Wifi akaketi kitandani, akagoma.

"Hii si ya hospitali," alisema. "Nipelekeni kwa mama."

"Mto umejaa. Mtumbwi haupiti."

"Basi niacheni."

"Nesi amesema presha."

"Nesi hakuwepo barazani."

Nilikwenda kwa baba. Alikuwa ghalani, akigeuzageuza magunia ya mpunga yaliyokuwa yanapata unyevu. Nilimweleza yote. Aliuliza kama anakula, nikasema hapana. Akaketi juu ya gunia.

"Mwambie sina neno naye," alisema. "Mwambie aende."

Nilirudi nikamwambia. Wifi alinitazama kwa macho yale yaliyofumbwa na uvimbe, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili nikaona dalili ya ucheshi wake.

"Wifi, hayo ni maneno yako. Wewe unaweza kusema chochote ili mtu apande gari. Humwamini hata Musa kwamba alivuka bahari."

"Baba amesema. Naapa."

"Unaapa kwa nani?"

Mama alijaribu naye. Wifi alimjibu kwa upole kwamba mama ana huruma, na mwenye huruma hudanganya. Ndipo nilipoielewa hofu yenyewe. Alihitaji neno la mtu mmoja tu duniani, na mtu huyo hakuruhusiwa kumpa. Nami niliyekuwa katikati, niliyependa kuuliza kila kitu, nilikuwa mjumbe asiyeaminika kuliko wote.

Nilirudi ghalani nikamwambia baba hivyohivyo. Mvua ilikuwa inaanza tena.

"Ile redio," alisema, "inaweza kunichukua na mimi?"

Betri zilikuwa zimechoka. Niliziweka karibu na jiko zipate joto, maana jua halikuwapo la kuzianika. Baba alivaa koti lake la kanisani. Alitaka kaseti ileile, upande uleule, mahali palepale ilipo sauti ya wifi, ili ifutike. Nikaitafuta huku nimeziba spika kwa mto wa kochi, nikisikiliza kwa sikio moja, kama niliyeshika nyoka kwa mkia. Nilipoipata nikairudisha nyuma kidogo. Nilimwonesha vitufe viwili vya kubonyeza pamoja. Akaniambia nibaki.

Alisema kwa Kinyakyusa, polepole, akiiinamia redio:

"Mke wa mwanangu. Kilichosikika nimekisikia. Sina kinyongo. Sijamshitakia mtu, wala Mungu sijamshitakia. Wazee nitasema nao mimi. Wewe nenda hospitali, leo, usingoje mto upungue. Mtoto ni wetu. Nenda." Akanigeukia. Kisha: "Sasa nabonyeza wapi?"

Nilitaka kuzima. Alinizuia kwa kiganja, akaonesha kidole kaseti inavyozunguka. Nilielewa: akizima hapo, baada ya maneno yake ngoma itarudi, na mkia wa kile kicheko. Tukaiacha izunguke. Tulikaa hivyo, mimi na yeye, redio ikiwa inarekodi bati likipigwa na mvua na kuku waliojibanza chini ya meza. Kichwani nilikuwa na swali. Kama sauti ya kwenye kaseti si sauti, basi baba hakusema lolote na wifi hakusamehewa. Kama ni sauti, basi Jumapili ile wifi alivunja desturi kweli, na baba sasa hivi naye amevunja. Haiwezi kuwa yote mawili. Nilimtazama baba. Alikuwa anaitazama kaseti ikizunguka kama mtu anayemlinda mgonjwa. Sidhani hakuliona swali. Nadhani aliliona kabla yangu.

Wifi aliisikiliza akiwa amepiga magoti nyuma ya ukuta, khanga kichwani, kana kwamba baba mwenyewe yuko upande wa pili. Betri zilikuwa dhaifu na sauti ilitoka nzito, ya mtu mwenye usingizi. Ilipofika "sasa nabonyeza wapi" mabega yake yalitikisika, sikujua analia au anacheka. Alisubiri mpaka mvua ya kwenye kaseti ikaisha, tukabaki na ya nje. Kisha akainuka kwa kushika ukuta.

"Lete mkoba," alisema.

Tulimweka kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli ya abiria, mwenye baiskeli akisukuma, mimi nikimshika mgongo, mama akitangulia kupima matope kwa fimbo. Barabara ya Kasumulu ilikuwa na gari moja tu lililothubutu, pikapu ya mchuuzi wa vitunguu, ndilo likatupakia. Njiani wifi aliniambia anaona cheche, kisha akaniambia haoni chochote, kisha akawa ananishika mkono tu. Nilijaribu kuhisi kama mtoto anacheza. Gari lilirukaruka mno, sikuweza kutofautisha mtoto na barabara. Nakumbuka nilisema moyoni maneno fulani, na sikuwa na hakika namwambia nani.

Hospitalini nesi alimpima mara mbili, akatugeukia. "Mlikuwa mnangoja nini? Mpaka aanguke?" Tungemwambia nini? Walimkimbiza ndani, na mimi na mama tukabaki ukumbini, tukiwa na viatu vya wifi mikononi ambavyo hakuna aliyekumbuka kwa nini tulivileta.

Walimpasua. Mtoto alikuwa wa kiume, mdogo, mwekundu, mwenye hasira. Wifi alilala akiwa hajitambui hadi kesho yake, kisha akaamka akaomba uji.

Kaka aliwasili mto ulipopungua, suruali tope mpaka kiunoni, akiwa na kanda mpya ya wale wawili mfukoni. Alimbeba mwanawe, akalia, akaniuliza habari, nikamweleza. Alisikiliza yote. Mwisho akauliza, kwa sauti ndogo:

"Lile toleo refu limefutika lote?"

"Umebaki mwanzo tu."

"Mpaka mwisho?"

"Kuna mvua."

Wifi akamwambia kutoka kitandani, "Nenda kawaambie Waingereza wako wapige tena. Si hawachoki?"

Tulicheka, na nilidhani tumeshavuka.

Baba alikuja siku ambayo kaka alikuwa ameenda kibandani. Hakuingia wodini, bila shaka. Alisimama nje, upande wa kamba za kuanikia mashuka, akaniitisha kwa mhudumu. Nilimpelekea mtoto. Alimpokea kwa mikono miwili, akafunua kitambaa, akaanza kumtazama miguu kabla ya uso.

"Iko sawa hii?"

"Iko sawa, Baba."

"Na mama yake?"

"Uvimbe unapungua."

"Ndaga, asante," alisema, sijui kwa nani. Alikuwa amevaa tena lile koti. Nilimwona analegea, uso unafunguka, na nikawaza kumuuliza lile swali langu la kaseti, sasa kwa kuwa mambo yameisha. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

Dirisha la wodi lilikuwa juu yetu, mbele kidogo, nyuma ya mashuka.

"Wifi!" Sauti ilitoka nzima, yenye nguvu. "Mlete huyo bwana mdogo, maziwa yanamwagika huku! Au umeshamvusha Malawi?" Akacheka. Wanawake wa vitanda vya jirani wakacheka naye.

Hapakuwa na redio.

Baba alirudisha kitambaa juu ya mtoto haraka. Miaka yote nilimdhania mlinzi wa sheria, mtu anayeogopwa. Nilipomtazama uso nikaona kwamba yeye ndiye aliyekuwa anaogopa, na kwamba pengine kila kikohozi kabla ya kona kilikuwa cha mtu anayeomba asije akamdhuru mtoto wa watu. "Chukua," aliniambia. "Chukua, chukua." Alinisukumia mtoto kana kwamba ameungua, akarudi kinyumenyume, akageuka, akaelekea geti kwenye mvua bila kuaga.

Niliingia wodini.

"Ulikuwa na nani huko?" wifi aliuliza. "Baba yako amefika?"

"Bado," nilisema.

Alimweka mtoto kifuani. Mimi nilikaa upande wa miguuni. Mtoto alinyonya, akaacha, akapumzika kwa muda ambao niliuona mrefu, akaanza tena. Nilifunua shuka, nikabonyeza mguu wa wifi kwa kidole gumba, kama nilivyowaona manesi asubuhi, nione kama shimo linabaki kwenye nyama, uvimbe usiwe umerudi.

"Unatafuta nini hapo?"

"Hakuna."

"Wewe! Chuo kimefungwa, sasa umekuwa daktari?"

Nilicheka pamoja naye, kisha nikabonyeza mguu wa pili.